Jinsi ya Kubuni Mji wa Ziwani Ambao Wakazi Wake Hawayaoni Maajabu Yao

Mwandishi anayetaka kubuni mji ambamo mambo yasiyo ya kawaida hutokea kila siku, na wakazi wakaendelea kuuza samaki na kupeleka watoto shule kana kwamba hakuna lolote, hukutana mapema na swali moja gumu: kwa nini watu hawa hawaoni? Wengi hulijibu kwa haraka. Huwafanya wakazi kuwa wajinga, au hubuni dawa iliyowafumba macho mji mzima. Njia zote mbili huiharibu hadithi, kwa sababu ya kwanza inawadharau watu ambao msomaji anatakiwa kuwapenda, na ya pili inaweka ajabu kubwa zaidi ili kulificha lile dogo. Mwongozo huu unaeleza njia ambayo mimi nimeifuata katika hadithi zangu za mwambao wa Ziwa Victoria, kati ya Mwanza na Ukerewe: kutoona kwa watu kutokane na kazi yao, adabu yao na lugha yao.

Kwanza kabisa, usiazime kutoamini kwa watu wa mbali. Katika miji mingi ya kubuniwa ya namna hii mkazi haoni kwa sababu amefundishwa kwamba mambo hayo hayapo. Huku kwetu sababu hiyo haina mashiko. Katika kisiwa cha Ukara kuna jiwe linalojulikana kuwa linacheza, na wenyeji humpeleka mgeni kulitazama. Wahaya wana simulizi za Mugasha, mwenye ziwa, na Wasukuma wana Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote mpaka Masala Kulangwa alipokuja kulipasua. Mtu aliyelelewa na simulizi hizo hawezi kusema kwamba jambo la ajabu haliwezekani. Anachoweza kusema ni kwamba jambo hilo lina mwenyewe, na mwenyewe si yeye. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa mji wako. Jambo likishapata mwenyewe, watu wengine huacha kulitazama, na huliacha bila ubaya wowote, kama mtu anavyopita mbele ya mlango wa jirani bila kuchungulia ndani.

Baada ya hapo, chagua kazi ya mji kabla ya kuchagua ajabu lake. Mji wangu nauita Nyamwalo, jina nililolibuni kwa kufuata majina ya huku kama Nyegezi, Nyakato na Nyamagana, na kazi yake ni dagaa. Ni lazima uijue kazi hiyo kwa undani, maana ajabu litajificha katika taratibu zake. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilitumika karabai za mafuta ya taa, na siku hizi zimeenea taa za sola na za betri. Mtumbwi mmoja hubeba taa kadhaa, zikawekwa juu ya maboya na kuachwa zielee mpaka dagaa wakusanyike chini ya mwanga, ndipo wavu ushushwe. Mwezi unapokuwa mpevu mwanga wa taa haufui dafu, kwa hiyo wavuvi hupumzika, hushona nyavu na kusubiri giza lirudi. Asubuhi mzigo hupimwa kwa ndoo na kuanikwa juu ya vichanja au mchangani. Tayari una kalenda, una saa, una watu walio macho wakati wengine wamelala, na una kipimo ambacho kila mmoja anakijali.

Sasa ajabu lenyewe. Nyamwalo ina mitumbwi 12, na kila mtumbwi una taa 4, yaani taa 48. Zinazowaka ziwani ni 49.

Hilo tu linatosha. Ajabu dogo linaloweza kuhesabika lina nguvu kuliko joka la vichwa saba, kwa sababu kulipuuza joka kunahitaji maelezo marefu, ilhali taa moja iliyozidi hupuuzwa na watu wenye akili timamu kila usiku wa giza. Chukua daftari na uandike, kwa kila mtu wa mji, mambo matatu: angeweza kuliona wapi, anahesabu nini badala yake, na angepoteza nini iwapo angeliona. Mwenye mtumbwi yuko ufukweni, na anachohesabu ni ndoo. Mvuvi yuko majini, lakini macho yake yako kwenye taa zake 4, na hizo anazijua kwa alama alizozipaka. Mchuuzi anahesabu fedha na anatazama mawingu, kwa sababu mvua ikimkuta dagaa hawajakauka amepata hasara. Hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ni kuhesabu taa za ziwa zima.

Lakini msomaji makini atauliza kwa nini hakuna aliyeiokota taa hiyo, maana taa ni mali. Jibu lako litoke katika adabu ya mwalo, yaani ufukwe ambao mitumbwi ya uvuvi hushushia samaki: taa iliyo juu ya boya ina mwenyewe, na anayegusa taa ya mwenzake ni mwizi, na mwizi wa taa hafichwi. Mvuvi wa Nyamwalo anayeiona ile taa ya 49 anasema ni ya mwalo wa jirani, na mvuvi wa mwalo wa jirani anasema ni ya Nyamwalo. Katika ziwa lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, lenye mialo mingi katika nchi tatu, maelezo hayo yanaingia akilini kabisa. Sehemu hii niliiandika upya mara nyingi kuliko nyingine yoyote, na nashauri nawe uipe muda, kwa sababu hapa uaminifu wa watu ndio unaolilinda ajabu.

Ajabu la pili liwe dogo kuliko la kwanza na lishughulikiwe na ofisi. Mwanza inajulikana kwa miamba yake, na vilimani kama Mabatini na Igogo nyumba zimejengwa juu ya mawe na katikati yake. Katika Nyamwalo kuna jiwe linalosogea shubiri moja kila mwaka kuelekea ziwani. Wakazi hawalitazami jiwe, wanautazama uzio. Familia mbili zinapelekana kwenye baraza la kata kwa mgogoro wa mpaka, mtendaji anaandika, kamba inapimwa upya, na mwaka unaofuata wanarudi tena. Kwa ajabu la namna hii ukurasa mmoja unatosha.

Hakikisha pia kwamba ajabu lako limezungukwa na mambo ya kweli yanayoshangaza kuliko lenyewe. Ziwa hili limejaa mambo hayo. Wadudu wadogo huibuka majini kwa wingi usiohesabika na kusimama juu ya maji kama nguzo za moshi, kiasi kwamba mgeni hudhani kuna kitu kinaungua. Gugumaji husukumwa na upepo likawa kama kisiwa kizima kinachotembea, jioni liko ng'ambo na asubuhi limeziba mwalo. Kamongo ni samaki anayevuta hewa, na anaweza kuishi ndani ya tope wakati wa ukame. Lile Jiwe la Bismarck linasimama majini jirani na kivuko cha Kamanga, jiwe kubwa juu ya mawe mengine, na wasafiri hupita wakila karanga. Mtu aliyezoea kuishi na hayo yote ana haki ya kutoshangazwa na taa moja, na msomaji atamwelewa bila kuelezwa.

Jihadhari na mahali ambapo watu husubiri. Mtu anayefanya kazi haoni, lakini anayesubiri huona kila kitu, kwa kuwa macho yake hayana pa kwenda. Foleni ya kivuko ni mahali hatari kwa siri ya mji. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, msafiri anayevuka pale anapita juu ya maji kwa dakika chache, na saa zile za kusimama ukitazama ziwa zimetoweka. Mwandishi anayeweka hadithi yake kabla ya daraja na anayeiweka baada yake wana miji miwili tofauti, hata kama ramani ni ileile.

Ninakuja kwenye lugha, ambapo Kiswahili kinatupa chombo ambacho sijakiona kikitumiwa vya kutosha. Hali ya mazoea ya hu- haibebi nafsi wala ngeli. Ukiandika “huwaka saa nne, huzimika kabla ya adhana ya alfajiri, hurudi kesho yake”, hujamwambia msomaji kama unazungumzia kitu au mtu. Vilevile kitenzi “huonekana” hakimtaji aliyeona. Sura zako za mwanzo zikitegemea hali hiyo, mji mzima utaizungumzia ile taa kwa miaka bila yeyote kulazimika kusema ni nini. Kisha inafika siku moja ambapo mtu anasimulia jambo lililotokea jana, na wakati uliopita unamdai kiambishi cha nafsi. Hapo ndipo ukweli unapochomoza. Katika hadithi yangu, karani wa mwalo anamsalimu mvuvi mzee asubuhi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mzee, ile taa ya pembeni jana ilikuwa ya mwalo gani?”

“Jana alikaa mbali kidogo na sisi. Labda ni upepo. Wewe pima ndoo, mwanangu, jua linapanda.”

Mzee amesema “alikaa”, akaipa taa upatanisho wa kiumbe hai. Usilitie neno hilo mkazo, wala msimulizi asilieleze. Wasomaji wengi watalipita wakidhani ni Kiswahili cha kawaida cha Kanda ya Ziwa, ambacho katika mazungumzo hakibanwi sana na ngeli, na kwa kupita hivyo wao wenyewe watakuwa wamekuwa wakazi wa Nyamwalo. Wachache watasimama na kurudi nyuma. Epuka kabisa maneno kama jini, pepo au mzimu katika sauti ya msimulizi, kwa sababu neno likishatajwa msomaji anajua tayari anapaswa kuhisi nini, na kazi ya kutazama imekwisha.

Anayeanza kuona naye achaguliwe kwa kazi yake. Mimi nilimchagua karani kwa sababu yeye peke yake hulipwa kwa kuhesabu vitu vya watu wote, na siku moja aliombwa aorodheshe taa. Hana kipaji, hakuzaliwa usiku wa radi, wala hakuachiwa siri na bibi yake. Orodha yake imekataa kulingana.

Lipo jambo ambalo naliomba kila mwandishi wa kanda hii alipe uzito. Sisi tunaandika katika nchi ambapo kuona vibaya kumeua. Wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, wakati wekundu huo ulitokana na moshi wa kuni na samadi waliyopikia miaka yote. Watu wenye ualbino wamewindwa, na Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli kwa sababu ya mauaji hayo. Kwa hiyo ajabu la mji wako lisiwe na mmiliki wa kibinadamu anayeweza kunyooshewa kidole. Usimweke bibi kizee kuwa chanzo chake, usimpe mganga heshima ya kulitatua kwa kumtaja mtu, na usiufanye mwili wa mtu yeyote kuwa ishara ya lolote. Vivyo hivyo usiwageuze kuwa mizimu marehemu wa meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996, wala wa kivuko cha MV Nyerere, kilichozama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Baadhi yao wamelala katika makaburi ya Igoma, na ndugu zao ni wasomaji wetu.

Nilipoanza kulifuata katazo hili nililiona kama uzio, lakini ndilo lililonipa sababu bora kuliko zote ya watu kutoona. Katika mji ambao swali “ni la nani?” liliwahi kumalizika kwa nyumba ya mtu kuchomwa, mwanamke anayesema “mimi sikuona kitu” huenda anaiona taa ile vizuri kuliko wote, na anamlinda jirani yake aliye peke yake nyumba ya tatu. Kutoona kwake ni tendo. Mpe mwanamke huyo nafasi katika hadithi yako, mwache aanike dagaa wake na ajibu maswali ya karani kwa upole, na usimlazimishe kukiri.

Sura ya mwisho usiitumie kufichua taa ni nini. Andika usiku mmoja wa giza ambapo karani, akiwa amekaa juu ya jiwe na daftari lake, anahesabu na kupata taa 48 kamili. Waoneshe wavuvi wakirudi mapema bila kupatana, kila mmoja akiwa na sababu yake: wavu umechanika, betri imeisha, mtoto anaumwa. Wenye mitumbwi wanapokea ndoo chache na hawagombi. Mzee haendi nyumbani kulala, anabaki ufukweni akipaka upya alama za taa zake ambazo hazikuwa zimefutika. Na yule mwanamke wa vichanja, ambaye miezi yote hakuona kitu, anamletea karani kikombe cha chai, anaketi kando yake akitazama majini, na kumwambia: “Hesabu tena, mwanangu.”