Kuchora na kuandika safari yako Lamu kwa njia ya Edward Lear

Kama umefika Lamu na daftari unataka kuandika safari yako na kuichora mwenyewe, mjue kwanza Edward Lear, mchoraji Mwingereza, maana huyu mzee alishatupasulia njia. Alizaliwa London 1812, akaanza kwa kuchora kasuku, alafu akawa mtu wa kuzunguka, Albania, Calabria, Corsica, zote akazitolea vitabu, maneno yake na picha zake, hadi Malkia Victoria akamwita amfundishe kuchora 1846. Na alikua na kifafa tangu utotoni, akakificha maisha yake yote na bado akasafiri. Hiyo hunigusa sana.

Sasa kazi yake alifanya hivi: akiwa pale mahali anachora na penseli tu, haraka, alafu juu ya mchoro wenyewe anaandika jina la mahali, tarehe, saa, na rangi kwa maneno. Wino na rangi ya maji baadaye, akishatulia nyumbani.

Lamu hii ndio njia. Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, ni mwembamba, ukitandaza rangi zako punda anakuja na mzigo mnabanana ukutani, na ukikaa ufukweni upepo wa kusi unakupepetea karatasi. Beba penseli ya 2B, daftari la jalada gumu na vibanio viwili vya nguo, basi.

Enda kijiji cha Matondoni asubuhi kwa mafundi wa majahazi. Usianze na chombo kizima, utachoka. Chora mikono ya fundi anayetia kalafati, vile anashindilia pamba katikati ya mbao, nyundo fupi fupi, alafu pembeni andika "saa mbili na nusu, mbao kama tende mbivu, pamba kama nazi iliyokunwa". Rangi ifananishe na kitu unachokijua, mi siku moja niliandika "buluu" pahali patano kwenye ukurasa mmoja wa kisiwa cha Manda, kufika nyumbani sijui bahari ni ipi kivuli ni kipi, picha ikafa hapo.

Na kabla hujamchora mtu mpe salamu na umuombe. Akikataa, chora mlango wake wa nakshi, hapo hata wiki nzima haitoshi.

Maneno yaandike usiku huohuo, ungali unasikia ile nyundo. Kisha pitisha wino juu ya penseli, rangi moja nyepesi, na usifunge daftari mapema, unyevu wa huku kurasa zinagandana mpaka asubuhi.