Namna ya kuandaa mnada wa sanaa za Waaborijini kwa ajili ya masomo ya watoto wao

Mwongozo huu nimewaandikia wenzangu mnaoishi Australia na mnaotaka kuchangisha fedha za masomo ya wanafunzi Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, kwa njia ya mnada wa picha, kazi ambayo nimeifanya kwa miaka kadhaa. Ninalolitanguliza ni kwamba mchoraji asibebeshwe gharama ya ukarimu wetu. Picha ya mchoraji Mwaborijini Clifford Possum Tjapaltjarri iitwayo Warlugulong, aliyoichora mwaka 1977, ilinunuliwa na benki kwa dola za Australia 1,200. Mwaka 2007 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 2.4, na kwa wakati huo sheria haikumpa mchoraji wala warithi wake haki yoyote katika bei hiyo.

Hatua ya kwanza ni kukaa na familia za wanafunzi na kuandika fedha zitalipia nini. Wengi wanaotoka vijiji vya jangwani husoma bweni, mbali sana na kwao, kwa hiyo msiishie kwenye ada na sare. Wekeni pia nauli ya kurudi nyumbani kunapotokea msiba, kwa sababu kwao msiba humtaka kila mtu wa ukoo awepo, na mwanafunzi asiye na nauli huweza kuondoka asirudi tena shuleni.

Hatua ya pili ni kupata picha kutoka kwenye vituo vya sanaa vinavyomilikiwa na jamii zenyewe, wala si kwa wachuuzi. Igeuze kila picha uitazame mgongoni: utakuta namba iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, nayo lazima ilingane na ile iliyo kwenye cheti cha picha kutoka kituoni, pamoja na jina la mchoraji, vipimo na maelezo ya hadithi ya picha. Namba zikipishana, irudishe.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo inayohitaji subira kuliko zote, ni makubaliano ya mgawo. Wachoraji hawa huombwa picha za bure mwaka mzima, na wengi wao ndio wanaolisha nyumba yenye watu wengi. Mimi hugawana nao nusu kwa nusu, na nusu yao hulipwa kupitia kituo chao. Wakitaka kutoa fedha zote, uamuzi huo utoke kwao, kama ilivyokuwa mwaka 2000, pale wachoraji wa Papunya Tula, kampuni ya wachoraji Waaborijini wa jangwani, walipochora kwa pamoja picha kubwa zilizonadiwa Sydney, katika jumba la Art Gallery of New South Wales, na mnada huo ukakusanya zaidi ya dola milioni moja za kuwapelekea wagonjwa wa figo huduma ya kusafisha damu karibu na kwao. Lengo lile lilikuwa lao wenyewe tangu mwanzo.

Kisha pangeni bei ya chini ambayo picha haitauzwa chini yake, mkiwa pamoja na kituo. Katika mnada wangu wa kwanza sikufanya hivyo, na picha ya bibi mmoja iligongewa nyundo kwa dola 400, ilhali kituo chake kiliuza picha za ukubwa ule kwa dola 1,500. Wiki iliyofuata mnunuzi mwingine alifika kituoni akitaka auziwe kwa bei ya mnada. Nilimwomba radhi bibi yule, na tangu siku hiyo picha isiyofikia bei yake hurudi kwa mwenyewe.

Kuhusu orodha ya picha za mnada itakayochapishwa, hakimiliki hubaki kwa mchoraji hata baada ya mauzo, kwa hiyo ombeni idhini ya maandishi. Kwa mchoraji aliyefariki, waulizeni kwanza ndugu zake kama jina na sura yake vinaruhusiwa kuonekana, na mnadi naye aelezwe mapema.

Ikiwa picha imetolewa na mkusanyaji badala ya mchoraji, kumbukeni mrabaha, yaani fungu la bei analolipwa mchoraji kazi yake inapouzwa tena, wa asilimia 5 unaotozwa tangu Juni 2010 kwa mauzo ya marudio ya dola 1,000 au zaidi, ambao huendelea kwa warithi miaka 70 baada ya mchoraji kufariki. Usiku wa mnada, picha isitoke ukumbini kabla ya malipo kuthibitishwa, na cheti chake kiondoke nayo, kikiwa ndani ya bahasha iliyobandikwa nyuma ya fremu.