SOMO: Kuhesabu vigawo vya namba kubwa bila kuviorodhesha (mfano 720,720)

Wakuu salaam. Kila wiki napata ujumbe uleule: "Mwalimu, nitajuaje namba hii ina vigawo vingapi?" Vigawo ni namba zinazoigawa namba yako bila kubaki kitu. Naandika mara moja, anayeuliza tena nitamletea uzi huu.

1. Itazame namba kwanza. 720 imejirudia, kwa hiyo ni 720 × 1,001.
2. 1,001 ni 7 × 11 × 13. Ikariri.
3. Gawa 720 kwa 2 mpaka igome: mara nne, inabaki 45, yaani 3 × 3 × 5.
4. Andika kwa vipeo, yaani zile namba ndogo za juu zinazoonyesha kila namba imejirudia mara ngapi: 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13.
5. Ongeza 1 kwenye KILA kipeo, ndipo uzidishe. Hapa tulieni. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilizidisha vipeo vilivyo, 4 × 2 × 1 × 1 × 1 × 1, nikaandika 8 ubaoni. Binti wa dawati la mbele alikuwa ameshaorodhesha pembeni ya daftari 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 9, 10, na zote zinagawa. Nilifuta ubao mzima. Na angalieni 5, 7, 11 na 13: kipeo hakionekani, lakini kipo, ni 1, kwa hiyo kila moja inatoa 2. Wengi wanaziruka wanapata 15.
6. 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240.

Hakuna namba ndogo kuliko hii yenye vigawo 240. Tena ndiyo ndogo kuliko zote zinazogawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 16. Mimi naipenda sana.

MASWALI

Mdau: Nimepata 8. Kitabu chako kimekosea?
Mleta mada: Hatua ya 5.

Mdau: Naomba vigawe vyote vya 720,720, haraka, kesho nina mtihani.
Mleta mada: Vigawe (720,720 × 1, × 2, × 3...) havina mwisho. Unataka vigawo, na njia nimeshakuwekea hapo juu. Chukua kalamu.

Mdau: Mwalimu, kwa nini tunaongeza 1? Nimefuata ila sijaelewa.
Mleta mada: Swali zuri sana, ahsante. Kila kigawo unakijenga kwa kuchagua. Kwenye 2⁴ unaweza kuchukua 2 moja, mbili, tatu, nne, au usichukue kabisa. Hiyo "usichukue" ndiyo 1 inayoongezwa, ndiyo maana chaguo ni tano. Kwenye 13 ni mbili: uchukue au uache. Ukiacha zote, unapata kigawo 1. Jaribu na 12: 2² × 3, yaani 3 × 2 = 6. Orodhesha uhakikishe.

Mdau: Na 360,360?
Mleta mada: Umepunguza 2 moja tu. 4 × 3 × 16 = 192. Inagawanyika kwa 1 hadi 15, inagoma kwenye 16.

Mdau: Nje ya mada kidogo, hiyo 1,001 inasaidia kwenye namba isiyojirudia?
Mleta mada: Sana. Chukua 358,345. Tarakimu tatu za mwanzo toa tatu za mwisho: 358 − 345 = 13. Tofauti inagawanyika kwa 13, basi na namba yote inagawanyika. Kwa 7 na 11 haigawanyiki, kwa sababu 13 haigawanyiki kwazo.