Fa na La za chini: kupinda noti za kinanda cha mdomo kwa sikio

Wanakwaya wangu hapa Kondele, Kisumu, wakishanunua kinanda cha mdomo huja na swali lile lile: mwalimu, mdomo niuweke vipi noti ipinde, yaani ishuke chini ya sauti yake ya kawaida? Nami huwauliza, hiyo noti unayoitaka, hebu iimbe. Kama hawezi kuiimba, mdomo wake hautajua pa kusimama.

Kwanza tazama kinanda chenyewe. Kiwe cha matundu 10, safu moja, ufunguo wa C. Vile vya safu mbili vimejaa madukani, na kwa nyimbo za ibada ni vitamu kweli, lakini kwa kupinda vitakuchosha bure. Noti hupinda vizuri pale kibati cha kupuliza na cha kuvuta, vile vipande vyembamba vinavyotetema na kutoa sauti, vinapokaa ndani ya tundu moja, na vile vya safu mbili vimewatenganisha hao wawili.

Sasa piga solfa uliyofundishwa shuleni. Puliza tundu la 1, Do. Vuta, Re. Puliza la 2, Mi. Vuta la 2... So! Fa imerukwa. Vuta la 3, umefika Ti. La nayo haipo. Upande wa chini ulipangwa hivyo makusudi, ili ukivuta au kupuliza matundu kadhaa kwa pamoja upate sauti za kuandamana. Fa na La utazitengeneza mwenyewe.

Bahati nzuri zote mbili ziko juu, oktavu moja tu. Kuvuta la 5 ni Fa, kuvuta la 6 ni La. Anza na La. Jirekodi kwa simu ukivuta la 6, pumzi ndefu, kisha isikilize na uiimbe mahali koo lako linapofika. Ikishatulia kichwani, vuta la 3 na uishushe Ti polepole. Usifyonze kwa nguvu! Rudisha ulimi nyuma, kana kwamba unatoka kusema "ii" kwenda "uu", koo likiwa wazi.

Hapa ndipo wengi huanguka. Tundu la 3 hushuka nusu toni tatu: Ta (Ti iliyoshushwa nusu toni), La, na moja zaidi iliyo juu tu ya So. Maana yake La iko katikati, haina sakafu ya kukanyaga. Mpigaji orutu, fidla ya Waluo, ana shida iyo hiyo, uzi mmoja usio na alama, na bado kidole chake hutua palepale kwa sababu sikio limetangulia. Cheza ile rekodi, kisha pinda juu yake. Ukikosea kidogo utasikia mawimbi, wa-wa-wa. Ukikaribia, mawimbi yanapunguza mwendo, na ukifika yanakoma. Fanya hivyo alfajiri, maana mvua ya jioni ikianza kupiga mabati hutasikia lolote.

Programu ya kupimia sauti ni nzuri, ila simu ilale kifudifudi. Shika noti, amua mwenyewe kama imekaa, ndipo ugeuze uangalie. La ya tundu la 3 ni hezi 440 na ya la 6 ni 880. Vinanda vingi huwekwa juu kidogo ya hapo, kwa hiyo hakimu wako awe La yako ya juu.

Fa ni rahisi zaidi. Tundu la 2 hutoka So, hupita Fe (nusu toni juu ya Fa), na Fa ndiyo karibu na mwisho wa safari. Linganisha na kuvuta la 5.

Ukizipata kwa kuteleza, acha kuteleza: ipige La moja kwa moja bila kugusa Ti. Kisha panda Do hadi Do, polepole, na mtu mwingine akisikiliza. Solfa haimfichi mtu hapa kwetu. Hata mtoto atakuambia La yako imelala.

Baadaye tafuta Ta, ile tunayoimba wimbo unapohamia ufunguo wa Fa. Matundu ya 1, 4 na 6 yana nusu toni moja moja ya kupinda. Tundu la 5 usilisumbue: Mi na Fa zake zimepakana, hakuna noti nyingine ya kupita katikati.