Kuonja Etna Rosso hatua kwa hatua

Etna Rosso ni mvinyo mwekundu unaotoka kwenye miteremko ya volkano ya Mlima Etna, kisiwani Sisilia, Italia, ambako mizabibu mingi iko kati ya mita 400 na 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ulipata hadhi ya DOC, yaani jina la asili linalolindwa kisheria Italia, mwaka 1968. Kanuni zinataka zabibu za Nerello Mascalese zisipungue asilimia 80. Nerello Cappuccio, aina nyingine ya zabibu, huongezwa kulainisha na kukoleza rangi.

1. Poza hadi nyuzi 16. Kama chumba kina nyuzi 25, tumbukiza chupa kwenye maji ya barafu kwa dakika 10 hivi. Ukiwa wa moto, kileo huchoma pua. Ukiwa baridi mno, ukakasi hufunika kila kitu. Wengi huharibu hapa.

2. Mimina mililita 75 kwenye glasi pana na uache dakika 20. Kung'oa kizibo tu hakutoshi, maana shingo ya chupa ni nyembamba, hewa haipenyi.

3. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Rangi ni hafifu, ukingoni inaelekea rangi ya tofali hata mvinyo ukiwa mchanga. Usidhani umetiwa maji. Nguvu ya Nerello Mascalese haiko kwenye rangi.

4. Nusa kabla ya kuzungusha, kisha baada ya kuzungusha. Tafuta cheri chachu, ganda la chungwa, maua makavu. Harufu ya kiberiti kilichowashwa huwafurahisha wanaodhani wananusa volkano. Kwa kawaida ni salfa iliyotokana na uchachushaji, na mara nyingi hupungua ukizungusha glasi dakika chache. Harufu ya boksi lililolowa ni habari nyingine: kizibo kimeharibu mvinyo, na hakuna dawa. Rudisha chupa.

5. Piga funda dogo, lizungushe mdomoni sekunde 10, umeze au uteme. Funda la kwanza husafisha kinywa tu. Hukumu la pili. Uchachu utajaza mate pembeni mwa ulimi, kisha ukakasi utashika ufizi. Katika chupa nzuri ukakasi huo ni laini kama vumbi. Ukiwa mkali kama ganda la ndizi mbichi, onja tena pamoja na kipande cha jibini au nyama yenye mafuta. Bado unakausha? Ziba chupa, weka kwenye friji, jaribu kesho.