Somo: Kueleza hali aliyo nayo mtu kwa Kihispania

Kihispania kina vitenzi viwili vya "kuwa": ser hueleza mtu alivyo, ilhali estar hueleza hali aliyomo. Sisi tuna njia ya mkato, kwa kuwa mara nyingi pale tunapotumia -me- kueleza hali inayoonekana sasa, kama amechoka, amekasirika au amekaa, wao husema está cansado, está enojado, está sentado.

Hatua ya 1. Shika maumbo ya estar: estoy (mimi), estás (wewe), está (yeye), estamos (sisi), están (wao). Kwa "ninyi", marafiki wa Hispania huambiana estáis, na Amerika ya Kilatini hutumika están.

Hatua ya 2. Ongeza neno la hali: triste (mwenye huzuni), contento (mwenye furaha), enfermo (mgonjwa). Kwa hasira, Hispania hupendelea enfadado na Meksiko enojado.

Hatua ya 3. Patanisha. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu upatanisho tuliouzoea hukaa mwanzoni mwa neno, nao huuweka mwishoni, tena kwa kufuata jinsia. María está cansada, Juan está cansado, na wakiwa pamoja están cansados, hata kundi likiwa na wanawake kumi na mwanamume mmoja. Triste haibagui jinsia, ila wingi wake ni tristes.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, ikiwa estar ni ya hali ya kupita, mbona husemwa está muerto?

Jibu: Kanuni ya "muda" husaidia kuanzia tu. Estar hutazama hali iliyotokana na badiliko, bila kujali itadumu kiasi gani, nasi pia husema amekufa, kwa -me- ile ile.

Swali: Je, "nina njaa" ni estoy hambre?

Jibu: Hapana. Hambre ni nomino, kwa hiyo husemwa tengo hambre, yaani "nina njaa" neno kwa neno. Kiu ni tengo sed, na usingizi tengo sueño.

Swali: Es aburrido (es ni umbo la ser kwa "yeye") na está aburrido zina tofauti?

Jibu: Kubwa, tena ya kuvunja urafiki. Juan está aburrido maana yake amechoshwa. Juan es aburrido maana yake yeye ndiye anayechosha wenzake. Vivyo hivyo, María está lista, yu tayari. María es lista, ni mwerevu.