Somo: Kukamua Tui, Muhuri wa Bamia na Donge la Kuchezea kwa Mtoto wa Miaka Miwili

Mtoto aliyekwisha kutembea hahitaji duka la vinyago ili mikono yake ipate shughuli. Jiko la kawaida la Mombasa, liwe la Majengo, Kisauni au Changamwe, lina nazi, unga, ndimu, bamia na tende, na vitu hivyo vinatosha kwa asubuhi nyingi, ila kwa sharti moja ambalo ndilo msingi wa somo hili: kazi anayopewa mtoto iwe kazi ya kweli. Akikamua tui, tui hilo liingie katika barafu yake au katika wali wa nyumba nzima. Akipiga muhuri, karatasi ile ipelekwe kwa bibi yake. Mtoto wa miaka miwili hajui kuhesabu, lakini hutambua upesi sana kama ameshirikishwa au amepewa kitu cha kumnyamazisha tu, na tofauti hiyo utaiona katika muda anaokaa akiifanya kazi bila kulia.

Somo hili linawahusu watoto wa kuanzia mwaka mmoja na nusu hadi miaka mitatu na kitu.

Kabla ya kumwita mtoto

Kila jambo lenye makali au moto likamilishwe mapema, wakati mtoto amelala au yuko na mtu mwingine. Tandika mkeka sakafuni, weka beseni la maji ya kunawa na kitambaa kikuukuu karibu, kisha ndipo umwite. Wakati mzuri ni asubuhi kabla jua halijawa kali, au baada ya alasiri, mtoto akiwa ameshiba na hana usingizi.

Kuhusu vyakula, yako mambo ambayo hayana mjadala. Njugu nzima, korosho nzima, bisi, pipi ngumu na mabuyu yenye mbegu vinaweza kumpalia mtoto, kwa hiyo visiwepo kabisa karibu na mkeka huo mpaka atimize angalau miaka minne. Asali asipewe aliye chini ya mwaka mmoja. Sukari ya kuongeza ni bora isubiri hadi apite miaka miwili, na ndiyo maana mapishi yaliyomo humu hayana hata kijiko kimoja cha sukari.

Kazi ya kwanza: kukamua tui, kisha barafu ya embe

Nimeanza na nazi kwa makusudi, kwa sababu sijaona kazi nyingine ya jikoni inayomfaa mtoto mdogo kiasi hiki. Inataka nguvu ya kiganja bila ujuzi wowote, na matokeo yake yanaonekana papo hapo, maji meupe yakitoka kati ya vidole.

Hatua ya kwanza ni ya mtu mzima. Vunja nazi moja iliyokomaa na uyaonje maji yake; yakiwa yamechacha, nazi hiyo haifai. Ikune kwa mbuzi, na ukishamaliza uiondoe mbuzi hiyo mara moja na kuiweka juu ya kabati. Meno yake huwa katika kimo cha uso wa mtoto mdogo, na mtoto aliyekuona umekaa juu yake naye atataka kukaa.

Hatua ya pili, tia nazi iliyokunwa katika beseni pana na uimiminie kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu. Yajaribu kwanza kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako. Yakikuunguza hata kidogo, yaache yapoe.

Hatua ya tatu, mnawishe mtoto mikono hadi viwikoni, mkalishe na uweke beseni baina ya miguu yake. Mwonyeshe mara moja tu: shika, kamua, achia. Kisha nyamaza na umwache. Atakamua kwa mkono mmoja, atatumbukiza yote miwili, ataonja, atamwaga kidogo mkekani, na yote hayo ni sehemu ya kazi. Wazazi wengi huharibu hatua hii kwa kumshika mtoto mikono ili akamue sawasawa. Tui halihitaji usawa huo, kwa kuwa utakuja kulikamua tena wewe mwenyewe wakati wa kuchuja.

Hatua ya nne, chujeni pamoja, yeye ashike ukingo wa chujio au kifumbu nawe ukamue. Tenga nusu kikombe cha tui hili la kwanza, lililo zito. Ukiongeza maji na kukamua mara ya pili utapata tui jepesi la kupikia mchicha au wali wa mchana, na wakati wa kula mwambie kila aliyepo, mtoto akisikia, kwamba tui lile amelikamua yeye.

Hatua ya tano, menya maembe mawili yaliyoiva. Ngowe ndilo ninalolipenda kwa kazi hii kwa sababu lina nyuzi chache. Boribo nalo linafaa. Msimu ukiwa umekwisha, tumia papai au ndizi mbivu. Mpe mtoto mwiko aponde nyama ya embe ndani ya bakuli, changanya na tui zito, kisha mimina katika vikombe vidogo. Chomeka kijiti cha mbao kilicho bapa, wala si kipande cha chelewa, kwani chelewa ina ncha. Weka ndani ya friza kwa saa tano au sita. Wengi wetu tulikua tukinunua barafu za ukwaju katika vimfuko na kuzing'ata pembeni. Kwa mtoto wa umri huu, kila pembe inayong'atwa ni kipande cha plastiki kinachoweza kumezwa, na vikombe havina hatari hiyo.

Machicha yaliyobaki usiyatupe. Yatandaze katika sinia juani hadi yakauke, kisha umpe mtoto kifuu kilichosuguliwa ukingo ayachote na kuyamimina. Jioni yapewe kuku.

Kazi ya pili: rangi ya jikoni na muhuri wa bamia

Koroga vijiko vitatu vikubwa vya kornflawa katika kikombe kimoja cha maji baridi hadi madonge yaishe, kisha bandika juu ya moto mdogo ukiendelea kukoroga mpaka iwe nzito kama uji unaoshika kwenye kijiko. Ipoe kabisa. Gawanya katika vibakuli vitatu: kimoja tia manjano ya unga, cha pili maji ya bitiruti, cha tatu maji ya mchicha uliosagwa na kuchujwa. Rangi hii imepikwa na haina chumvi, kwa hiyo mtoto akilamba vidole hakuna haja ya kushtuka.

Chagua bamia zilizokomaa, zile ambazo zimekuwa ngumu mno kwa kupikwa, na muuza mboga wa Kongowea au Marikiti anaweza kukupa kwa bei ndogo. Kata karibu na kichwa, ukiacha sehemu ya urefu wa kidole cha mtoto iwe mpini. Sehemu iliyokatwa ina umbo la nyota, mara nyingi yenye pembe tano. Ilaze juu ya kitambaa kwa dakika chache utelezi wake upungue, la sivyo rangi haitashika. Mtoto achovye na kugonga katika karatasi itakayokuwa kadi ya Idi ya bibi yake. Usimchagulie mahali pa kugonga. Nyota zikirundikana pembe moja na upande mwingine ukabaki mweupe, kadi hiyo ya Idi ndiyo iliyo yake, na bibi ataipokea kwa furaha zaidi kuliko iliyopangwa na mama.

Mkichoka na muhuri, kuna jambo la kumwonyesha ambalo hata wakubwa hulisogelea. Chukua kijiko cha rangi ya manjano na uitie chembe ya soda ya kuokea iliyoyeyushwa katika matone ya maji: rangi itageuka kuwa nyekundu ya kahawia mbele ya macho yenu. Sasa mpe mtoto kipande cha ndimu akikamulie hapo, na rangi itarudi kuwa ya manjano. Sababu ni kwamba kiini cha rangi ya manjano hubadilika kinapokutana na kitu cha magadi kama soda, na ukali wa ndimu hukirudisha kilivyokuwa. Mtoto hataielewa sababu hiyo kwa sasa, lakini ataelewa kwamba mkono wake ndio uliogeuza rangi, na atadai ndimu nyingine. Tahadhari moja: maji ya ndimu yakibaki katika ngozi kisha mtoto akatoka juani, ngozi inaweza kuungua na kufanya malengelenge, kwa hiyo muoshe kwa sabuni kabla hajatoka nje.

Kazi ya tatu: donge la kuchezea

Katika sufuria changanya kikombe kimoja cha unga wa ngano, nusu kikombe cha chumvi, kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia, vijiko viwili vikubwa vya maji ya ndimu na kikombe kimoja cha maji. Koroga juu ya moto mdogo hadi mchanganyiko uachane na sufuria na kuwa donge moja. Lipoze, likande kama unavyokanda chapati, na ulipe rangi upendayo. Nashauri njia hii ya kupika badala ya kukanda unga mbichi kwa sababu unga mbichi unaweza kubeba vijidudu vya tumbo, na pia kwa sababu donge lililopikwa hudumu zaidi.

Chumvi hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani haina uhaba wa unyevu, hasa wakati wa masika, hivyo donge lililoachwa wazi huanza kunata siku hiyo hiyo. Lifungie katika kopo lenye kifuniko na uliweke ndani ya friji. Likinata, ongeza unga kidogo. Mafuta ya nazi yasitumike hapa, kwa kuwa huganda chini ya nyuzi 24 hivi na donge litatoka kwenye friji likiwa gumu.

Mtoto na agonge majani ya mwarobaini, kijiko na mgongo wa kifuu juu ya donge hilo apate chapa zake.

Kitafunio: vidonge vya tende

Toa kokwa za tende laini zijazo kikombe kimoja, uzihesabu kokwa hizo na kuzitupa, kisha uziponde tende pamoja na chembe ya hiliki. Mtoto azibiringishe ziwe vidonge vidogo na kuvigaragaza katika nazi iliyokunwa. Kwa aliye chini ya miaka miwili vibonyeze viwe bapa na umpe vipandevipande. Viliwe siku hiyo hiyo, kwa sababu nazi mbichi huchacha haraka katika joto letu.

Maswali ya wanachama

Mama wa Kisauni: Dada, shukrani kwa somo. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minane, na kila kitu kwake ni cha mdomoni. Donge la chumvi je, nimpe?

Jibu: Hapana, dada, mwache kwanza. Chumvi iliyomo ni nyingi kwa mwili wake mdogo, na akimeza donge kubwa apelekwe hospitalini bila kutapishwa. Kwa sasa mpe rangi ya kornflawa na kazi ya kukamua tui. Unaweza pia kupika donge bila chumvi, ila lichezewe siku moja tu na kutupwa.

Baba wa Mikindani: Mimi nina Jumapili tu ya kukaa na binti yangu, na nyumbani hatuna friji. Nifanye lipi?

Jibu: Ndugu yangu, fanya tui. Baada ya kukamua, pondeni ndizi mbivu ndani ya tui hilo na mle papo hapo kwa kijiko. Mboga ya siku hiyo nayo ipikwe kwa tui jepesi, na binti yako aione ikiandaliwa.

Bibi wa Mji wa Kale: Wanangu, sisi tuliwalea watoto wetu na kashata na kaimati jikoni. Sasa mwasema sukari haifai?

Jibu: Shikamoo, bibi. Kashata na kaimati zina nafasi yao, na sitathubutu kuziondoa katika nyumba zetu. Ninachohofia ni sukari inayochemka na mafuta ya moto karibu na mtoto, maana huunguza vibaya. Mahamri yanaweza kukufaa wewe na mjukuu: unga ukishaumuka na kusukumwa, akate pembe kwa mwiko wa mbao, kisha apelekwe chumba kingine kabla karai halijabandikwa. Lake lipikwe bila kuchovywa sukari.

Mwanachama wa Nyali: Je, tunaweza kuokota makombe na kauri ufuoni ili mtoto apige chapa kwenye donge?

Jibu: Nakuomba usiokote. Ufuo wa Nyali, Bamburi na Shanzu unapakana na Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, na humo kuchukua makombe na matumbawe hakuruhusiwi. Kauri ndogo pia inaingia kooni mwa mtoto kwa urahisi. Kifuu kina chapa nzuri, na hakigharimu kitu.

Mama wa Likoni: Manjano yameingia kwenye mkeka na kanga nyeupe, na sabuni haijaitoa. Nisaidie, shoga.

Jibu: Fua kanga kwa sabuni ya kipande na maji baridi, kisha uianike ikiwa bado mbichi mahali penye jua kali la mchana. Rangi ya manjano haivumilii jua, na doa litafifia. Likibaki, rudia kesho yake. Doa likigeuka jekundu unapolifua usiogope, ni sabuni imefanya kazi ile ile ya soda, na ukisuuza vizuri litarudi kuwa la manjano. Mkeka nao upanguse na uuweke juani, lakini ukiwa ni wa ukili uliotiwa rangi uutoe baada ya muda mfupi, kwa sababu jua hilo hilo litaipausha na rangi yake.